Pampu mbili ziliungua bure: kisa cha MGB iliyokuwa ikifa mlimani

Mwenye gari alinipa historia yote kwa pumzi moja: "Fundi, likiwa baridi linakwenda kama jipya, likishika mlima linakufa, na mpaka leo limeshakula pampu mbili."

Lilikuwa MGB ya mwaka 1970, gari dogo la michezo la Kiingereza, ile ya wazi isiyo na paa la chuma. Injini ni ya silinda nne, cc 1798, yenye kabureta mbili (vifaa vinavyochanganya petroli na hewa) za kampuni ya SU, aina ya HS4, na pampu yake ya mafuta ni ya umeme, nayo ya SU, imefungwa chini ya gari mbele ya ekseli ya nyuma. Magari haya yalitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na idadi yake ilipita laki tano, kwa hiyo vipuri vyake karibu vyote vinapatikana mpaka leo. Mfumo wake wa mafuta unaweza kuuchora kwenye kiganja: tangi nyuma, kisha pampu, kisha bomba la chuma linalopita chini ya sakafu, kisha mpira mfupi hadi kwenye kabureta. Hakuna kompyuta wala sensa. Ndiyo maana kisa hiki kiliniuma. Mfumo mwepesi namna hii ulikuwa umezungusha mafundi watatu kwa miaka miwili, na mimi mwenyewe ulinipotezea siku tatu kabla sijaukamata. Naeleza yote, pamoja na pale nilipokosea, maana kosa langu ndilo litakalomsaidia mtu mwenye gari la aina hii kuliko mafanikio yenyewe.

Malalamiko yalikuwa hivi. Asubuhi linawaka kwa mguso wa kwanza. Barabara ya tambarare, dakika ishirini, ishirini na tano, halina neno. Likikutana na mlima mrefu, umekanyaga mafuta mpaka chini, linaanza kuvutavuta, kabureta zinakohoa, nguvu zinapungua kidogo kidogo, mwishowe linazima. Ukikaa kando ya barabara dakika kumi, linawaka na kuondoka kana kwamba hakuna lililotokea. Lilikuwa limeshabadilishiwa pampu, limebadilishiwa koili inayozalisha umeme wa cheche za plagi, bomba la mafuta limeviringishwa kitambaa cha kuzuia joto, likabadilishiwa pampu tena. Mtu fulani pia alikuwa amezishusha jeti za kabureta, yaani mirija yenye tundu la kupitishia petroli, ili zipitishe mafuta mengi zaidi.

Mzee huyo mwenye gari aliongeza jambo moja ambalo niliandika daftarini bila kulitilia maanani: "Nikijaza tangi, siku ile linakuwa na nafuu."

Kwa nini haikuwa mvuke

Karibu kila aliyeligusa gari hili alisema ni mvuke. Yaani petroli inachemka bombani kwa joto la injini, kabureta zinaletewa mapovu badala ya mafuta, injini inakosa. Ni ugonjwa wa kweli. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na vile vyepesi kabisa huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Lakini angalia huwa unatokea lini. Unatokea gari likikaa kwenye foleni, au likizimwa likiwa moto na kuwashwa tena baada ya muda mfupi, kwa sababu hapo upepo haupiti na joto la injini linapanda moja kwa moja kwenye kabureta. Tena unayaandama zaidi magari ambayo pampu yake iko kwenye injini na inanyonya mafuta kutoka mbali. Mafuta yanayovutwa yana shinikizo dogo, na shinikizo likipungua yanachemka mapema.

MGB ni kinyume. Pampu iko nyuma na inasukuma, kwa hiyo lile bomba refu lote la kwenda mbele liko ndani ya shinikizo. Na gari la mzee lilikuwa linakwenda kinyume kabisa na mgonjwa wa mvuke: lilikufa likiwa linakimbia, upepo mwingi unapita, na kilicholiponya ni kusimama dakika kumi juu ya injini ya moto. Mvuke ungezidi hapo, usingepona. Kile kitambaa kilikuwa kimefungwa kwa bidii na usafi, ila mahali pasipouma.

Umeme sikuuondoa haraka hivyo. Koili au kondensa iliyochoka nayo huua gari likipata moto na kulifufua likipoa, na koili mpya si lazima iwe koili nzima. Kwa hiyo tulitoka mimi na mzee, yeye akaendesha, mimi nikasikiliza. Umeme ukikatika, injini hukatika kama umezungusha ufunguo, na kwenye gari hili mshale wa mizunguko ya injini huanguka ghafla au kurukaruka, maana unaisoma mizunguko kutoka kwenye umeme wa koili. Siku ile mshale ulishuka taratibu, sambamba na injini, na ule mkohoo ulitoka mbele kwenye kabureta. Nikamwambia avute choki. Kwenye SU, choki haizibi hewa kama kwenye kabureta nyingine. Inashusha jeti ili mafuta yaongezeke. Gari likapata uhai sekunde tatu, nne, kisha likafa kabisa.

Injini iliyoomba mafuta na kushukuru kwa sekunde nne ilikuwa imeshajibu swali. Nilitoa plagi palepale: nyeupe, kavu. Nikafungua vifuniko vya mabakuli ya kabureta, vile vyumba vidogo vinavyoweka akiba ya petroli, skurubu tatu kila kimoja. Swichi ikiwa imezimwa pampu haigongi, kwa hiyo unachokikuta kwenye bakuli ndicho kilichokuwemo gari lilipokufa. Bakuli la kwanza lilikuwa na theluthi ya mafuta, la pili pungufu ya hapo. Floti, maboya madogo yanayofunga vali bakuli likijaa, zilikuwa zimelala chini, na vali zake zikiwa wazi zikisubiri mafuta yasiyokuja.

Kipimo kilichonidanganya

Siku ya pili nilipima mtiririko. Kazi hii inafanyika nje, injini ikiwa baridi, mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu, bila sigara wala cheche ya aina yoyote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini na kwenda kutafuta moto mahali usipouona. Chomoa pia waya wa koili ya injini, la sivyo koili itapata moto bure wakati swichi imewashwa na injini haizunguki.

Nikachomoa mpira kwenye kabureta, nikauingiza kwenye chupa yenye alama za ujazo, nikawasha swichi na kuhesabu sekunde thelathini. Ikaingia nusu lita. Pampu hii ikiwa nzima hutoa lita moja na kidogo kwa dakika, kwa hiyo nusu lita kwa nusu dakika ilikuwa sahihi karibu kabisa. Nikaandika daftarini: "Pampu nzima, njia nzima." Nikatumia siku nzima iliyobaki kwenye kabureta, nikitafuta vali ya floti inayokwama, kitu ambacho hakikuwepo.

Nilirudi kwenye mtiririko baada ya kufanya hesabu ambayo ningeianza nayo. Injini hii ina nguvu za farasi 95. Ikikanyagwa mpaka mwisho inakunywa karibu nusu lita kwa dakika. Kwenye tambarare, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, haifiki hata robo lita. Ikinguruma imesimama, ni kidogo sana. Kwa hiyo pampu ina akiba kubwa; inaweza kupoteza nusu ya uwezo wake na dereva asijue, mpaka atakaposhika mlima. Na mlima mrefu haupandwi kwa sekunde thelathini. Mabakuli mawili ya kabureta yanabeba mafuta kidogo tu, kiasi cha kikombe. Mtiririko ukipungua chini ya kile injini inachokunywa, mabakuli hayo yanakauka polepole, na gari linakufa pole pole vilevile. Nilikuwa nimempima mkimbiaji wa mbio ndefu kwa hatua zake kumi za mwanzo.

Safari hii nilichukua dumu kubwa na nikaiacha pampu igonge dakika tatu. Dakika ya kwanza ilileta lita moja kasoro kidogo. Ya pili, mililita mia sita. Katika dakika ya tatu ule mlio wa tik-tik-tik uliokuwa umeshonana ukaanza kuachana, tik… tik…, mafuta yakawa uzi mwembamba, kisha matone, kisha pampu ikanyamaza kimya.

Niliingia chini ya gari nikaishika. Ilikuwa ya moto.

Hapa inabidi nieleze pampu ya SU inavyofanya kazi, kwa sababu joto lile ndilo lililofungua kisa kizima. Ndani kuna koili ya sumaku, kiwambo cha mpira, springi na jozi ya pointi, yaani vigusio vya umeme. Pointi zikigusana, koili inapata umeme na kukivuta kiwambo. Kuvuta huko ndiko kunakonyonya mafuta kutoka kwenye tangi. Kiwambo kikifika mwisho wa safari yake kinazitenganisha pointi, umeme unakatika, na springi inakirudisha kiwambo ikisukuma mafuta kwenda mbele. Kwa maneno mengine, sumaku inanyonya, springi inasukuma. Mabakuli yakijaa na vali zikafunga, springi haina pa kusukuma. Pampu inanyamaza na pointi zimeachana, hakuna umeme unaopita, inabaki baridi. Huo ndio ukimya mzuri. Lakini njia ikiziba upande wa kunyonya, sumaku inavuta na kiwambo hakifiki mwisho. Pointi zinabaki zimegusana. Umeme unapita mfululizo, koili inapata moto, pointi zinaungua.

Nikafunga mita kwenye waya wa pampu ikiwa imenyamaza vile: umeme ulikuwa unapita. Pampu haikuwa imelala, ilikuwa inakabwa.

Nikamwuliza mzee kama zile pampu za zamani bado anazo. Moja ilikuwa kwenye buti, imeviringishwa gazeti. Nilipofungua kifuniko chake cheusi nilikuta kile kipande cha plastiki ngumu kinachobeba pointi kimevimba kwa joto na pointi zenyewe zimetoboka kama jino bovu. Aliyeibadilisha aliona pampu iliyoungua na akaamini ameuona ugonjwa. Simlaumu sana, pampu mpya iliyopozwa na kupumzika inafanya kazi vizuri siku ya kukabidhi gari. Lakini pampu ile ilikuwa majeruhi. Aliyeijeruhi alibaki ndani ya gari na kumngoja mwenzake.

Kumfuata upande wa nyuma

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya kugawa njia vipande vipande. Nilichomoa bomba linaloingia kwenye pampu kutoka tangini, nikaiunganisha pampu na dumu la petroli safi kwa mpira mfupi. Dakika tano, lita tano na ushee, mlio haukubadilika. Pampu ilikuwa nzima, bomba la kwenda mbele zima, kila kitu upande wa injini kizima. Tatizo lilikuwa kati ya mdomo wa pampu na sakafu ya tangi.

Hapo kuna vitu vitatu tu. Cha kwanza ni tundu la hewa la tangi: likiziba, mafuta yanayotoka hayaachi nafasi kwa hewa kuingia, na tangi linavuta kinyume na pampu. Hili linapimwa kwa kufungua kifuniko cha tangi. Nilikifungua pampu ikiwa imekabwa. Hakikutoa ule mpumuo wa hewa inayoingia, na pampu haikuamka. Cha pili ni mpira au kiungo kinachovuja hewa, lakini pampu inayonyonya hewa hugonga mbiombio, haikwami. Cha tatu ni kitu kinachoziba.

Niliacha kifuniko cha tangi wazi na nikapuliza kwenye lile bomba kuelekea tangini kwa pampu ya mguu ya baiskeli. Mpigo wa kwanza ulikuwa mgumu, wa pili ukaachia ghafla, na nikasikia mapovu ndani ya tangi. Nikaunganisha, tukatoka. Gari lilipanda mlima ule ule kama mwanambuzi. Mzee alifurahi, akataka tuishie hapo. Tulirudi kwa njia ndefu zaidi, na mlima wa pili ukaliua.

Kitu kinachozibuka ukikipuliza na kurudi baada ya nusu saa si uchafu uliogandamana. Ni kitu kinachobebwa na mkondo. Na ndipo nilipolikumbuka lile neno la mzee, kwamba akijaza tangi linakuwa na nafuu. Mafuta mapya yanapomiminwa kwa nguvu yanakitawanya kile kitu na kukipeleka mbali. Gari likisimama dakika kumi mvutano unakwisha, kitu kinaachia na kuzama. Yote yalikuwa yamesemwa siku ya kwanza, na yalikuwa daftarini mwangu kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Tulitoa mafuta, tukachomoa betri, tukalishusha tangi. Niliitoa ile pete inayoshikilia kipimo cha mafuta ubavuni na kumulika ndani kwa tochi baada ya kuliacha wazi nje, hewa ipite. Tarajio langu lilikuwa kutu. Niliyoyakuta yalikuwa magamba: mepesi, ya rangi ya asali iliyoiva, yenye kupitisha mwanga kama ganda la ndani la kitunguu, mengine madogo kama ukucha, mengine makubwa kama kiganja cha mtoto, yakiwa yamelala juu ya sakafu ya tangi tabaka juu ya tabaka. Ukutani bado kulikuwa na mengine yaliyoshikilia upande mmoja na upande wa pili unapepea.

Mtu, miaka mingi nyuma, alikuwa amelipaka tangi dawa ya kuzuia kuvuja. Ni ile inayomiminwa ndani, tangi likazungushwazungushwa mpaka kuta zote zipate, kisha ikaachwa ikauke. Nililigeuza gamba moja. Upande wa juu ulikuwa laini, unang'aa. Upande wa nyuma ulikuwa na vumbi jekundu la kutu limeganda sawasawa kama unga. Dawa ile haikuwahi kushika chuma. Ilishika kutu, na kutu ndiyo iliyokuwa imeshika chuma. Kisha petroli zenye ethanoli, ile alkoholi inayochanganywa na petroli, zikaja. Nyingi za dawa hizi za zamani hazikutengenezwa kustahimili ethanoli. Inazilainisha, inazivimbisha na kuzibandua. Ethanoli pia huvuta maji kutoka hewani, na maji yanaenda kuongeza kutu pale pale chini ya ganda.

Nilitaka kuona kwa macho yangu mwenyewe. Niliweka magamba matano kwenye chupa ya kioo yenye petroli, nikaingiza mrija wenye kipande cha wavu mdomoni mwake, sawa na mdomo wa bomba la kunyonya la tangi lile, na kuvuta taratibu kwa bomba kubwa la sindano. Mwanzoni hakuna kilichotokea. Kisha gamba la karibu likainuka kwa ubavu, likageuka kama jani kwenye mkondo, likajibandika kwenye wavu. La pili likaja juu yake. Kufikia la tatu, bomba la sindano lilikuwa haliendi tena. Nililiacha. Kama dakika moja hivi magamba yakabaki yamebandika, halafu moja baada ya jingine yakaachia na kushuka chini polepole. Mzee alikuwa amesimama karibu yangu. Alitazama mara mbili bila kusema neno, kisha akaomba afanye mwenyewe.

Matengenezo

Niliulizwa kwa nini nisilisafishe tangi na kulipaka dawa mpya, ya kisasa. Zipo dawa nzuri, na kwa tangi ambalo halipatikani tena ningefikiria. Lakini ili dawa mpya ishike, ya zamani lazima itoke yote pamoja na kutu iliyo chini yake, hadi kwenye pembe na mikunjo ambayo mkono wala jicho havifiki. Gamba moja likibaki, kazi yote imerudi mwanzo. Na kulikata tangi na kulichomelea ni jambo nisilokubali kulifanya wala kumshauri mtu: tangi lililotolewa mafuta bado lina mvuke, na tangi lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Kwa MGB, tangi jipya la chuma linapatikana. Tulifunga jipya.

Bomba la chuma lilisafishwa kwa petroli na hewa mpaka kilichotoka kikawa safi kwenye kitambaa cheupe. Mipira yote ilibadilishwa kwa ile yenye maandishi SAE J30 R9, inayostahimili ethanoli. Mpira mmoja wa zamani niliupasua kwa urefu. Nje ulionekana mzima, ndani ulikuwa na nyufa kama udongo uliokauka, na ukiukunja unaacha masizi meusi kidoleni. Ungekuwa kisa kingine baada ya mwaka.

Pampu niliifungua. Kichujio chake kidogo cha ndani kilikuwa na vumbi la kutu na kipande cha gamba kisichozidi punje ya mchele. Pointi zilikuwa zimeanza kutoboka, zikabadilishwa. Shinikizo nilipolipima lilikuwa karibu psi 3, ambalo ndilo kabureta hizi zinalolitaka. Pampu yenye nguvu zaidi ingezifungua vali za floti kwa lazima na kumwaga mafuta. Filta mpya niliiweka mbele, upande wa injini. Wapo wanaoiweka kabla ya pampu ili kuilinda. Mimi siiweki huko: filta ya karatasi upande wa kunyonya ikianza kuziba, itaifanyia pampu hicho hicho magamba yalichoifanyia.

Gari likawashwa, na dakika mbili baadaye petroli ikaanza kutiririka kutoka mrija wa kumwagia wa kabureta ya mbele. Nilizima haraka.  Chini ya sindano ya vali yake ya floti palikuwa na chembe ya gamba isiyoonekana mpaka uiguse kwa ulimi wa karatasi. Nilisafisha viti vya vali zote mbili, nikaweka sindano mpya zenye ncha ya mpira, na kupima floti. Kifuniko kikigeuzwa juu chini, uwazi kati ya floti na uso wa kifuniko unatakiwa uwe kati ya milimita 3 na 5 hivi. Ya mbele ilikuwa imekunjwa hadi karibu kugusa kifuniko, bila shaka na yule yule aliyeshusha jeti.

Jeti zenyewe zilichukua mchana mzima. Nati ya jeti ya SU ina pande sita, na mahali pa kuanzia ni pande kumi na mbili kwenda chini kutoka pale jeti inapolingana na daraja, ile sakafu ya njia ya hewa ya kabureta, yaani mizunguko miwili kamili. Moja nilihesabu pande ishirini na moja, nyingine kumi na tisa. Mtu alikuwa anajaribu kuishibisha injini inayokosa mafuta kwa kulipanua koo, ilhali njaa ilikuwa inaanzia tangini. Kwenye tambarare, ambako mafuta yalikuwepo, gari lilikuwa linakunywa kupita kiasi, na ndiyo maana mzee alikuwa analalamikia matumizi yake pia, jambo ambalo hakuna aliyelihusisha na mlima.

Nilizirudisha kumi na mbili, nikaongeza oili kwenye dampa zinazotuliza pistoni za kabureta, nikasawazisha uvutaji wa hewa kwa kuweka mpira mmoja sikioni na mdomo wake kwenye kila kabureta mpaka mivumo miwili ikawa sauti moja. Kisha mchanganyiko: unainua pistoni ya kabureta kidogo sana, chini ya milimita moja, na kusikiliza. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, mafuta yamezidi. Ukianguka papo hapo, yamepungua. Ukipanda kidogo sana kisha ukarudi, acha hapo hapo. Ya nyuma ilikaa sawa kwenye pande kumi na tatu, ya mbele kumi na nne.

Kupima tena

Kipimo cha kwanza kilikuwa kile kile cha dumu, dakika tatu, na nikaongeza mbili. Kila dakika lita moja na kidogo, ya tano sawa na ya kwanza. Nikaishika pampu: vuguvugu tu. Kisha mlima, gea ya tatu, mguu chini, mzee akiendesha. Juu kabisa nilimwambia azime palepale, nikafungua mabakuli. Yalikuwa yamejaa hadi kwenye kiwango. Plagi zilikuwa na rangi ya udongo mkavu.

Baada ya kilomita mia tano alilileta nifungue filta. Ndani mlikuwa na chembe tatu za rangi ya asali, mabaki ya bomba, na petroli safi. Kile kitambaa cha joto nilitaka kukitoa. Akasema kikae, kimefungwa vizuri.

Nilimwonyesha jambo moja kabla hajaondoka, ili asitegemee fundi kulijua. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, zungusha ufunguo hatua moja tu na usikilize nyuma yako. Pampu itagonga haraka mara kadhaa mpaka mabakuli yajae, kisha itanyamaza. Hesabu. Ikigonga mara moja tena baada ya nusu dakika au zaidi, hakuna kinachovuja. Ikiendelea kugonga, kuna kinachovuja au kinachomwagika. Na injini ikiwa inavuta kwa nguvu halafu mlio ukaachana, tik… tik…, simama kando, zima swichi upesi kabla pointi hazijaungua.

Alizungusha ufunguo. Pampu iligonga mara saba, ikanyamaza. Mzee akainamisha kichwa na kutazama saa yake ya mkononi. Sekunde ya arobaini na moja ikagonga mara moja, na ndipo akawasha injini.